Mwangalie na aliyesimama pembeni

Mi ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari ya kata huku wilaya ya Chamwino. Kabla ya ualimu nimekulia Chang'ombe pale Dodoma mjini, ambako mjomba wangu alikuwa na banda la video, yale mabanda tunayoyaita kibanda umiza, na mimi ndo nilikuwa nakaa mlangoni kukusanya hela. Kwahiyo hadithi nimezijua kwa njia mbili, kwenye kioo na kwenye kitabu, na kuna jambo moja limenikaa kichwani miaka mingi, chuoni hawakunifundisha, nimelipata kwa kuangalia watu wakiangalia muvi na wanafunzi wakisoma riwaya.

Jambo lenyewe ni hili. Ukitaka kujua hadithi inasema nini kuhusu jamii, usimkazie macho mhusika mkuu peke yake. Mwangalie na aliyesimama pembeni, jirani, shosti, mama mkwe, mzee wa kijiji, rafiki wa kunywa naye. Mhusika mkuu yanamkuta, sawa, lakini hao wa pembeni ndo mara nyingi wenye uwezo wa kufanya yasimkute, na mwandishi mzuri anawaweka pale makusudi ili wewe msomaji ujione, maana wengi wetu maisha yetu yote hatuwi wahusika wakuu kama Neria, Rosa au Okonkwo nitakaowataja hapa, tunakuwa wale majirani.

Darasani tunawaita wahusika wasaidizi au wahusika wadogo. Mwanafunzi anakariri: mhusika mkuu fulani, sifa zake tano, wahusika wadogo wengine, basi, anarukia dhamira. Desa nyingi, yale maandishi ya muhtasari wa vitabu, zinazozunguka mashuleni zinawapa hao wadogo mstari mmoja mmoja, "ni rafiki yake fulani, ni mshauri mzuri, anafaa kuigwa na jamii". Inaniuma sana hiyo.

Nianze na banda. Lilikuwa la mabati na magunia, ndani mabenchi ya mbao, mbele TV na deki juu ya meza iliyozungushiwa nondo, na spika mbili ambazo kila besi ikipiga zinatoa vumbi, maana Dodoma na upepo wake unaijua, kuanzia mwezi wa saba huko hakuna kitu kinakaa safi. Ratiba tuliandika kwa chaki kwenye kipande cha plaiwudi. Mchana muvi za kupigana, usiku za mapenzi na za kulia. Enzi hizo jina la Lufufu lilikuwa kubwa, yule mtu aliyekuwa anaingiza sauti yake kwa Kiswahili kwenye muvi za nje, na mabanda yaliyokosa kanda zake yalikuwa na kijana wao anasimama pembeni ya TV anatafsiri laivu. Wetu alikuwa fundi baiskeli, Kiingereza chake cha kuungaunga lakini alijua kusoma sura za watu, mtu akinyamaza kwenye muvi yeye anakwambia anachowaza, na mara nyingi anapatia.

Tukaja kuweka Neria. Kwa ambao hamjaiona, ni muvi ya Zimbabwe ya mwanzoni mwa miaka ya 90. Neria na mumewe Patrick wamejenga maisha yao mjini kwa jasho la wote wawili, mume anafariki kwa ajali, ndo anaibuka shemeji mtu, Phineas, kwa jina la mila anabeba kila kitu, vyombo, gari, kitabu cha benki, mpaka watoto. Na mwanamuziki Oliver Mtukudzi yumo, anaigiza kaka yake Neria, na muziki wa muvi ni wake. Banda lilijaa mpaka watu wamekaa chini. Phineas alivyokuwa anatoa vitu ndani ya nyumba wanaume walikuwa wanamtukana kama wanamjua, mmoja akarusha ndala kwenye TV, mjomba akasimamisha muvi akasema ndala nyingine ikiruka hela hazirudi. Niliwaona kwa macho yangu watu wazima, wabeba mizigo wa soko la Majengo, wanafuta machozi kwa mkono wa shati.

Kitu ambacho sikukielewa usiku ule ni kwamba fundi baiskeli alikuwa anatusemea sana watu wengine wa muvi ile. Neria analia, yeye anatuambia mama mkwe anawaza nini. Phineas anabeba, yeye anatuambia wale waliokaa sebuleni wanatazamana kwa nini. Akaja yule rafiki wa Neria, Connie, anayemwambia usikae kimya, sheria ipo, nenda mahakamani, fundi baiskeli akapaza sauti, "huyu dada ndo mwenye muvi!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nikabaki najiuliza huyu mbona haonekani sana, muvi yake kivipi.

Haukupita muda mrefu mtaani kwetu akafariki dereva mmoja wa malori, mtu mwema sana, ameacha mke na watoto wadogo na nyumba ya vyumba viwili. Tukazika, tukakaa matanga, na tanga lilipoanuliwa ndugu wa mume wakaja na kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo. Wakaanza kutoa vitu. Makochi, kabati la vyombo, TV, jiko, na cherehani. Na waliokuwa wanasaidia kubeba, na hapa nawaomba mnielewe vizuri, ni walewale wa banda. Yule wa ndala alikuwa ameshika kabati upande mmoja, analirudisha nyuma taratibu lisigonge mlango, anaelekeza "kushoto, kushoto kidogo". Hawakuwa watu wabaya. Waliambiwa njooni mtusaidie kupakia, wakaja kusaidia wafiwa kama desturi ilivyo, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba hii ndo ile muvi.

Wengine tulikuwa tumesimama upande wa pili wa barabara. Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka na kanga yake, haongei.

Aliyeongea ni mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga, wala si ndugu, wala hakuwahi kuingia bandani kwetu hata siku moja. Alitoka kibarazani kwake na mikono bado ina mafuta, akapita katikati ya wanaume, akaingia ndani, akakaa kwenye kochi kubwa ambalo lilikuwa bado halijatolewa. Akasema, "Mie kochi hili silitoki mpaka mniambie hawa watoto watalala wapi leo." Shemeji mtu akamwambia kwa adabu tu, mama, hii ni mali ya ukoo, wewe haikuhusu. Akajibu, "Na cherehani nayo ya ukoo? Kainunua kwa hela ya mchezo, mimi nilikuwepo zamu yake ilipofika, nikamsindikiza dukani." Basi pakawa kimya pale nje, wabebaji wakaweka chini walichoshika, yule wa ndala akaliegemeza kabati kwenye ukuta akaanza kuangalia viatu vyake. Mtu mmoja akakimbia kumwita mwenyekiti wa mtaa.

Sitaki kuwadanganya kwamba ikaisha kama kwenye muvi. Kabati na TV viliondoka, vilikuwa vimeshapakiwa. Kochi na cherehani vilibaki, nyumba ikabaki, na kilichofuata kikawa safari ndefu ya mirathi kwenye Mahakama ya Mwanzo, muhtasari wa kikao cha ukoo, msimamizi wa mirathi, njoo kesho, njoo wiki ijayo. Na sheria yenyewe ni mchanganyiko. Kanuni za sheria za mila zilizoandikwa 1963 zinasema mjane hana fungu kwenye mirathi kama marehemu kaacha ndugu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Halafu Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mjane yuko huru kukaa anapotaka, kuolewa au kutoolewa, hakuna wa kumrithi yeye kama mbuzi. Hapo katikati ndo Phineas anapopita. Na anapita kirahisi kwa sababu kila mtu pale nje anadhani sheria ni hiyo anayoisema yeye, mwenye sauti kubwa.

Yule mama muuza mihogo ndo alinifundisha maana ya Connie. Nikarudi bandani nikaiangalia Neria upya, nikamwangalia Connie na mama mkwe tu, na nikaona muvi tofauti kabisa. Mama mkwe ndo alinishika zaidi, maana yuko katikati, mwanae kafa, mwanae mwingine anakwapua, na yeye ndo mtu mmoja ambaye neno lake lingemnyamazisha Phineas mapema. Unamwona anavyochelewa.

Bongo muvi nazipenda na nimezionyesha nyingi, lakini hapa ndo nina ugomvi nazo. Nyingi mbaya wake ni mbaya tangu dakika ya kwanza, anacheka kwa sauti, muziki wa kutisha unapigwa kila akiingia, mama mkwe anamkunjia uso mkwewe kabla hata hajasalimiwa shikamoo. Mtazamaji anakaa salama kabisa, hakuna mahali pa kujiona, anamchukia yule mama anaenda kulala. Phineas wa Neria hakuja na muziki wa kutisha, alikuja msibani kama ndugu, akashika shughuli zote za mazishi, watu wakamshukuru. Ndo maana anauma.

Nikawa mwalimu. Riwaya ya Takadini imekuwamo kwenye vitabu teule vya kidato cha tatu na nne kwa miaka mingi, nimeifundisha mpaka kurasa nazijua. Ni ya Ben Hanson, nayo inasimuliwa hukohuko Zimbabwe. Sekai amekaa miaka bila mtoto, anampata, mtoto ana ualbino, na mila ya pale kijijini inasema mtoto wa namna hiyo hakai. Mumewe Makwati anampenda mkewe lakini hana ubavu mbele ya wazee. Sekai anambeba mtoto usiku anakimbia, anafika kijiji kingine, na huko anapokelewa na mzee mmoja, Chivero.

Mwaka mmoja nilikuwa na mwanafunzi mwenye ualbino darasani. Anakaa dawati la mbele kabisa kwa sababu ya macho, kofia yake pana anaivua akiingia anaitundika kwenye kona ya dawati, na ubaoni namwandikia kwa herufi kubwa, darasa zima limezoea. Tulipofika sehemu ya mtoto kuzaliwa na wakunga wanavyoangaliana, darasa likaanza kumwangalia yeye kwa kuibia, unajua watoto. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nilishaongea naye kabla na akaniambia ticha soma tu, mimi nimeshakisoma nyumbani. Tukamaliza sura, nikauliza kuna swali? Wengine wakauliza ya mtihani, kwamba hii iingie kwenye mila potofu au nafasi ya mwanamke katika jamii. Yeye akanyoosha mkono akauliza, "Ticha, Chivero angekataa, Sekai angeenda wapi?"

Swali hilo halimo kwenye desa lolote. Na ndo swali la kitabu. Sekai ni jasiri, hakuna ubishi, lakini ujasiri wake ulikuwa unaishia porini na fisi kama yule mzee asingefungua mlango. Nikafuta ubao wote, tukakaa na Chivero vipindi viwili vizima. Chivero si mtemi, ni mzee wa dawa tu na umri umeenda. Ana cha kupoteza, maana wenye kijiji wanaweza kusema mzee umetuletea laana. Anafanya mambo madogo madogo: anampa mama pa kulala, anaenda kumsemea kwa wakubwa, na mtoto akikua anamfundisha kupiga mbira. Hapo kwenye mbira nikawauliza mnaijua? Hawaijui. Nikawaambia mnaijua, ni ndugu kabisa wa ilimba, vyuma juu ya kisanduku cha mbao unapiga kwa vidole gumba. Kipindi kilichofuata mmoja akaja na ilimba ya babu yake kaifunga kwenye fulana, na kwa kuwa huku ugogoni marehemu mzee Hukwe Zawose aliyeipeleka ilimba kwenye majukwaa ya Ulaya ni kama mtu wa familia, darasa likachangamka. Walishika wote. Yule wa dawati la mbele alipewa wa kwanza, bila mimi kusema neno, na huyo aliyempa ilimba namkumbuka, ni katika wale waliokuwa wanaibia kumwangalia.

Tulipoandika insha ya dhamira nikasema kila mtu aweke hoja moja ya mhusika mdogo. Marekebisho yangu kwao yalikuwa hayohayo kila daftari: usiniandikie "Chivero anafaa kuigwa na jamii", niandikie alifanya nini na angeweza kupoteza nini.

Riwaya ya Rosa Mistika ni habari nyingine, hiyo naisoma na vijana nje ya ratiba, jioni, wanaotaka. Kezilahabi aliitoa 1971, na kwa muda ilizuiwa mashuleni, wakubwa walisema itaharibu watoto. Watu wengi ukiwauliza inahusu nini wanakwambia inahusu binti aliyeharibika. Hata walimu wenzangu. Nimewahi kubishana stafurumu mpaka chai ikapoa, mwenzangu mmoja anasema mwandishi anatuonya kwamba msichana akipewa uhuru anapotea. Mwalimu mmoja wa kike, mtu mzima, anatuzidi wote umri, alikuwa anasahihisha daftari zake kimya, akasema bila kuinua kichwa, "Nyie mmemhesabu Rosa. Wahesabuni na waliompitia."

Basi hiyo ndo kazi niliyowapa vijana. Chukua karatasi, andika kila mtu mzima aliyekutana na Rosa, pembeni andika alikuwa na nafasi gani, na alifanya nini na hiyo nafasi. Baba yake Zakaria, mlevi, anamkuta na barua ya kijana mmoja, Charles, anampiga kipigo cha kikatili, binti anajengewa hofu badala ya akili. Mama yake Regina anampenda lakini naye yuko chini ya kipigo hichohicho. Deogratias, bwana maendeleo, mtu wa serikali, mtu mwenye cheo. Huko chuo cha ualimu, mkuu wa chuo mwenyewe. Halafu Charles, yuleyule mwenye barua, anarudi mwishoni anataka bikira, akikuta sivyo anamwacha, na Rosa anajiua. Karatasi zikijaa unaona safu ya tatu, ile ya alichofanya, inatisha. Vijana wenyewe walishtuka. Safu ya wenye nafasi ni ndefu kuliko walivyodhani.

Kundi hilo la jioni lilikuwa na binti mmoja aliyerudi shule baada ya kujifungua, maana Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha kwa ujauzito warudi kwenye mfumo wa kawaida. Mama yake anakaa na mtoto, yeye anatembea asubuhi kuja shule. Alikuwa haongei sana. Kwenye karatasi yake pale mwisho, chini ya Charles, akaongeza mstari ambao sikuuagiza, akaandika "Mtu aliyemwambia Rosa rudi", na mbele yake akaacha wazi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema nimetafuta kitabu kizima sijamwona. Na ukifikiria ni kweli, wa kumlaumu Rosa wamejaa kwenye riwaya ile, wa kumpenda wapo, wa kumtamani ndo usiseme, ila mtu wa kumshika mkono akamwambia bado una njia, hayupo. Nimeisoma Rosa Mistika tangu nikiwa kijana na sikuwahi kuona hilo pengo mpaka limeonwa na mtu ambaye yeye aliambiwa rudi.

Riwaya ya Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi imekuwa ikisomwa kidato cha tano na sita, sisi shule yetu haifiki huko, lakini naipenda mno nashindwa kuiacha. Ilichapishwa 1999, na 2021 Amil Shivji akaitoa muvi, ikaenda mpaka tamasha la filamu la Toronto, fahari kubwa kwetu. Zanzibar ya miaka ya 50, Mwingereza bado yupo, Yasmin ni binti wa Kihindi kaozeshwa angali mdogo kwa mzee Raza, anakimbia, ndugu zake wanamfungia mlango, na baadae anaangukia kwenye mapenzi na Denge, kijana wa harakati za uhuru. Watu wanaongelea mapenzi na siasa, sawa, vipo na vizuri. Mimi muvi ilipoisha nilirudi kwenye kitabu kumtafuta Mwajuma, yule wa Ng'ambo, mswahili wa kawaida, hana mali, ana chumba chake na ucheshi wake na taarabu yake. Yasmin analala kwa Mwajuma. Uhuru wote wa Yasmin, wa kupenda, wa kuchagua, wa kukataa, unaanzia kwenye kile chumba. Ukitoa Mwajuma, riwaya inaisha ukurasa wa Yasmin kufungiwa mlango. Na mwandishi hakumfanya mtakatifu, kamfanya mtu wa starehe, mpenda ngoma, mwenye kukopa, ndo maana unamwamini. Mama muuza mihogo wa Chang'ombe naye alikuwa na ulimi mkali balaa, alishagombana na nusu ya mtaa.

Sasa hivi kinachoendelea na hawa vijana wa jioni ni Shujaa Okonkwo, ile tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Achebe ya 1958. Wanaijua hadithi kwa juu juu, mtu mkali, baba yake Unoka alikuwa mvivu na mdaiwa, kwahiyo maisha yake yote anakimbia asionekane dhaifu. Yule mtoto Ikemefuna aliyeletwa kutoka kijiji kingine anakaa kwake, anamwita baba, halafu inaamriwa auawe. Mzee Ezeudu anakuja kumwambia Okonkwo, mtoto huyu anakuita baba, wewe usiwemo. Anakwenda, na panga linakuwa lake, kwa kuogopa tu wenzake watamwonaje. Darasa linakubaliana haraka kuhusu Okonkwo, hakuna anayemtetea.

Wakafika kwa Obierika, ndo moto ukawaka. Obierika ni rafiki yake, mtu wa busara, anahoji mila, na siku hiyo hakwenda. Alibaki nyumbani. Nikawauliza, kafanya vizuri? Nusu wakasema ndio, kakataa kushika damu. Binti mmoja akasimama akasema ticha, alikuwa anajua, alikuwa rafiki, alikuwa na heshima kijijini, akakaa nyumbani kwake, na mtoto akafa vilevile. Mwingine akamjibu, wewe unaongea tu, ungefanya nini, amri imetoka kwa miungu yao, utapigana na kijiji kizima? Nikakumbuka sana wale tuliosimama upande wa pili wa barabara, hatukubeba kabati, ni kweli, mikono yetu ilikuwa misafi. Nikawaambia habari ya kirikuu na kochi, mara ya kwanza kuisimulia darasani. Hawakunyamaza hata kidogo, waliongeza ubishi, wakataka kujua mwenyekiti alisema nini, cherehani ilirudishwa ndani na nani, kwa nini wanaume waliweka vitu chini kwa maneno ya mama mmoja wakati walikuwa wengi. Hilo la mwisho walikaa nalo sana. Mmoja akasema labda na wao walikuwa wanasubiri mtu aanze. Mwingine akasema basi Obierika naye angeanza, pengine wapo kumi walikuwa wanamsubiri yeye.

Kengele ya jioni ikagonga hawajamaliza, wakatoka nayo mpaka barabarani, baiskeli wanasukuma hawapandi. Nilikuwa nyuma yao. Dogo mmoja mwembamba, kwenye insha huwa hamalizi hata ukurasa, alikuwa anapiga mahesabu yake kwa sauti kwamba yeye angemchukua Ikemefuna usiku kabla hawajaja kumchukua, wakapita njia ya kwenye mibuyu, akampeleka Mvumi kwa bibi yake.

"Na Okonkwo akikufuata huko?"

"Aje. Atamkuta bibi."